Katika Darasa la Sita Hakuna Mkwe

Uvira, Nyamianda, 14 Januari 2024

Kaka yangu Jean-Marie,

Salamu zikukute wewe, wifi Noella na mtoto Délice. Mnaendeleaje na mvua hizi? Huku ziwa limepanda, nyumba za chini zimehamwa, na watu wanapita mbele ya biro ya shirika letu wakiwa na magodoro kichwani. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio sijui.

Wiki ya kwanza ya kazi imekwisha na bado sijaelewa vizuri nimeajiriwa kufanya nini. Uliniuliza siku ile ninaacha darasa la sita nikamfundishe nani. Jibu ni kwamba simfundishi mtu. Nakaa mezani, naandika somo, kisha mtu mwingine analibeba na kwenda kuwafundisha watu wazima ambao mimi sitawaona: wakulima wa bonde letu la Ruzizi, wavuvi wa Makobola, akina mama wa vyama. Kila somo lina kitabu chake chembamba, wanakiita mwongozo. Mwongozo ndio unaomwambia mwezeshaji aseme nini, afanye nini na kwa muda gani. Yeye anaufuata neno kwa neno. Somo langu la kwanza ni maji ya kunywa na kipindupindu.

Mkubwa wetu hapa ni Madame Amandine. Siku ya kwanza alinitazama mikono akasema, "Bernardine, hapa hakuna chaki ya kukuokoa." Nilicheka pamoja na wengine, halafu nikaenda chooni nikalia kidogo. Tangu hapo naogopa hata kuinua mkono kwenye mkutano.

Unajua kwa nini nilikuja. Yule mwanafunzi wangu Michée alipata tisa juu ya kumi katika somo la maji, na mvua zilipoanza kipindupindu kikamchukua. Siku ya mazishi mama yake aliniuliza kwa nini yale niliyomfundisha mtoto hakuna aliyemfundisha yeye, ambaye ndiye anayechota maji. Hilo swali linanifuata hadi leo.

Mkataba wangu ni wa majaribio mpaka Pasaka. Nakushukuru kwa kunishikia nafasi shuleni. Mwambie Aimé aliyeshika darasa langu asiwaache wanafunzi wangu wajibu wote kwa pamoja. Nisalimie nyumba nzima.

Ni mimi mdogo wako,
Bernardine


Katogota, 25 Januari 2024

Mdogo wangu Bernardine,

Barua yako imefika ikinuka ndagala, maana yule mwendesha pikipiki aliitia kwenye kapu la samaki. Sisi wazima. Noella anakohoa kidogo, Délice hana neno, amejifunza kusema "hapana" na sasa anaitumia kwa kila kitu. Je, unakula? Nakujua, ukiwa na hofu unakunywa chai tu.

Acha nikuambie kama kaka, halafu kama direkta wako wa zamani pale shuleni. Kama kaka: usilie chooni, lia nyumbani. Kama direkta: hiyo kazi siielewi, lakini wewe nakuelewa. Watoto sabini walinyamaza ukiingia, na hukuwahi kushika fimbo. Mtu anayeweza hilo atashindwaje na watu wazima ambao tayari wanajua kukaa?

Aimé anajitahidi. Wanafunzi wanajibu wote kwa pamoja, ndiyo, tena mpaka sokoni wanasikika. Nafasi yako ipo. Koordinasyo, wale wasimamizi wa shule zetu, wanataka majina ya walimu kabla ya Pasaka. Nitawaambia neno moja, unarudi au hurudi, na wao hawana subira. Kwa hiyo fikiri mapema. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini wewe naona bado umesimama ukingoni umeshika viatu.

Kama utahitaji kijiji cha kujaribia somo lako, Katogota ipo, na chumba cha shule ni bure.

Kaka yako mkubwa,
Jean-Marie


Uvira, 18 Februari 2024

Kaka mpendwa,

Natumaini mko salama na kikohozi cha wifi kimepoa. Mimi nakula sasa, usiwe na wasiwasi. Nakula bugali nikiwa nasoma karatasi, na jana nilichovya kalamu kwenye mboga ya sombe.

Mwongozo umekwisha. Umenitoa jasho kuliko mtihani wowote. Madame Amandine aliurudisha mara nyingi, kila mara anasema, "Unaongea na watoto. Punguza." Mwisho nikaandika sentensi fupi ambazo mtu anaweza kuzikumbuka akiwa amebeba bido la maji mgongoni. Maji lita moja, yamechemshwa. Sukari vijiko vidogo sita, vilivyosawazishwa. Chumvi nusu kijiko. Onja. Yasipite chumvi ya machozi. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, na mkimbize kituo cha afya.

Madame amekubali tujaribu Katogota, kama ulivyosema. Atakuja kijana anaitwa Achille, mwezeshaji wetu. Amekulia Kinshasa, Kiswahili chake kinachechemea, lakini ana moyo. Mimi sitakuwepo. Ndiyo sheria ya kazi hii: aliyeandika haruhusiwi kuwa chumbani, kwa sababu mwongozo lazima usimame wenyewe. Achille atafuata kila mstari na kuandika ni wapi watu wameukataa.

Ili watu wasikae kwa mazoea, nimetumia njia yangu ya darasani. Achille atawahesabu moja hadi nne, moja hadi nne, kisha wenye namba moja wakae pamoja, wenye namba mbili pamoja. Unakumbuka ilivyovunja yale makundi ya porojo? Kila kundi litatengeneza maji ya sukari na chumvi na kuonja kwa kopo moja, wakipokezana, ili ulimi wa kila mtu ukumbuke.

Nakuomba sana ukae humo ndani. Watu wakimwona direkta anafanya, watafanya. Kaka, nikifaulu hapo, mwongozo unakwenda kuchapishwa kwa vijiji vyote mpaka Makobola, na mkataba wangu unakuwa wa kweli. Nikishindwa, wananishukuru na kunionyesha mlango. Naomba uniombee.

Mdogo wako,
Bernardine


Uvira, 3 Machi 2024

Kaka Jean-Marie,

Hamjambo huko? Nauliza kweli, si kwa desturi. Achille alirudi kutoka Katogota zamani na wewe huandiki. Mwendesha pikipiki anasema alikupa salamu zangu mkononi, ukaitikia kwa kichwa ukaingia ndani. Simu yako haipatikani, lakini hiyo nimeizoea, mtandao wenu unapatikana juu ya kichuguu tu.

Achille alisema mambo yalikwenda vizuri sana, hakuna mstari uliokataliwa, na direkta mwenyewe alikuwa mfano kwa wote. Madame Amandine alinishika bega mbele ya watu. Tayari ameandika kwa wakubwa wake kwamba mwongozo umepita, na unakwenda kwa mchapishaji baada ya wiki chache.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake kila asubuhi naamka nikiwaza kwamba kuna aliyekufa na hamtaki kuniambia. Je, Délice ni mzima? Wifi je? Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mdogo wako,
Bernardine


Katogota, 9 Machi 2024

Bernardine,

Salamu. Hakuna aliyekufa. Délice ni mzima, Noella pia, ila hawako hapa. Wako kwa mama yake, ng'ambo ya kijito, na mimi najipikia. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoanza kuandika hasira ilinishika mkono. Leo imepungua, si kwamba imekwisha.

Achille hakukudanganya. Alifuata kila mstari. Alihesabu watu moja hadi nne, mimi nikawa namba tatu. Akaita wenye namba tatu waende kwenye benchi la dirishani. Nikaona nani anakwenda kwenye benchi hilo, miguu yangu ikakataa. Alikuwa mama mkwe wangu.

Wewe ni mtoto wa hapa hapa, sihitaji kukufundisha. Tangu nimwoe Noella sijawahi kumtazama mama yake usoni, wala kukaa naye kwenye kiti kimoja, wala kutamka jina lake. Nikikutana naye njiani, mmoja wetu anaingia shambani mpaka mwingine apite. Hiyo ndiyo heshima yetu, na imetutunza vizuri.

Nilitaka kutoka. Lakini yule kijana alikuwa na kalamu, na kila mtu aliyesita alimwandika. Nikakukumbuka wewe na huo mlango wako. Nikakaa pembeni ya benchi, nikampa mama mgongo. Yeye hakugeuka, nadhani alikuwa hajajua ni nani yuko nyuma yake. Walitengeneza maji, akaonja, kopo likazunguka. Achille akalichukua akalileta hadi mdomoni pangu mbele ya kijiji kizima. "Direkta, kunywa bila woga, iko sukari na chumvi tu."

Mama akageuka akaniona.

Nilikunywa, Bernardine. Kwa ajili yako nilikunywa kutoka kopo lililotoka midomoni mwa mama mkwe wangu, wakwe na wajukuu wakitazama. Nilipoliweka chini alilichukua, akajifunika kitenge kichwani akatoka. Mlangoni akasema, si kwa mtu yeyote, "Bananivua kitambaa mbele ya batu." Hakusikia somo lililobaki, na akina mama kadhaa wakamfuata.

Jioni ile Noella alimbeba mtoto. Siku hiyo alikuwa sokoni, hakuona chochote, alisimuliwa tu. Alisema hana ugomvi na mimi, ila mama yake anataka akae naye mpaka aibu hii ioshwe. Baba mdogo wetu alipeleka kasiksi, pombe ya ndizi, kuomba radhi. Waliiacha nje ya ua mpaka ikachacha.

Sikuandikii ili urudi nyuma. Lakini unasema kitabu kinakwenda kuchapishwa. Makobola nako kuna wakwe.

Kaka yako,
Jean-Marie


Uvira, 12 Machi 2024

Kaka yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni. Sijui niulizeje hali baada ya hayo. Unakula nini? Nani anakuchotea maji?

Ningekuwa chumbani nisingewaruhusu mkae benchi moja hata kwa bahati mbaya. Najua nani ni mkwe wa nani toka kwetu mpaka mtoni. Lakini nilipokuwa naandika niliona kichwani mwangu wale watoto sabini tu, na katika darasa la sita hakuna mkwe. Unaweza kumkalisha yeyote popote, atanung'unika kisha atakaa. Nilichukua njia ya watoto nikawavisha wazazi wao.

Na wewe ulikunywa. Hilo linaniuma kuliko yote. Kwa nini hukuangusha kopo? Kwa nini hukusema tumbo linakuuma? Ungekohoa tu, kaka.

Naogopa, nakuambia wazi. Madame Amandine ameshawaambia wakubwa wake kwamba mwongozo umepita. Nikienda kusema haukupita, ninamwaibisha yeye, ninamwaibisha Achille, na mimi bado niko kwenye majaribio. Nikinyamaza, mkataba ninao, na benchi lile la dirishani linakwenda kila kijiji likiwa na jina langu kwenye jalada. Leo nilifika hadi mlangoni kwa Madame. Nilisikia anacheka na mtu kwenye simu. Nikageuka.

Niambie la kufanya. Au usiniambie. Ningependa kuja kupiga magoti kwa mama, lakini barabara imekatika tena na hawaniruhusu kutoka kabla ya Pasaka.

Mdogo wako aliyekukosea,
Bernardine


Katogota, 20 Machi 2024

Mdogo wangu,

Kabla hujasoma zaidi: Délice yuko hai, anacheka, jana ameanza tena kusema "hapana". Sasa unaweza kusoma.

Juma lililopita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Asubuhi Noella alikuja mbio hadi ukingo wa kijito, upande wa kwao, akaniita. Mtoto alikuwa anaharisha maji matupu na kutapika, macho yameingia ndani. Kwenda kituo cha afya lazima upite kwenye daraja la miti, na daraja lilikuwa chini ya maji. Nilimwambia Noella apande kwa juu, kwenye barabara ya lami, atafute pikipiki ya kuzungukia. Mimi nikavuka kijito, maji kifuani, nikafika kwenye ua wa mama mkwe wangu. Hapo nikasimama.

Ndani alikuwa yeye na mtoto, basi. Tangu siku ya kopo sikuwa na ruhusa ya kukanyaga hapo, na hata zamani nisingeingia akiwa peke yake. Nilisikia Délice analia, kisha nikasikia analia kwa sauti ndogo zaidi. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu.

Nikaugeuzia ua mgongo nikaanza kusema kwa sauti kama niko mbele ya darasa. Maji lita moja, yamechemshwa. Nikarudia. Halafu nikasikia sauti yake, lakini haikusema na mimi, ilisema na mtoto, kama inavyotakiwa.

"Délice, ambia baba yako maji yaliyochemka iko humu ndani, ya jana. Sukari vijiko ngapi?"

"Délice, ambia bibi yako vijiko vidogo sita. Asijaze kilima, asawazishe na kidole. Chumvi nusu kijiko."

Nikasikia kijiko kinagonga sufuria. Mtoto hana hata nguvu ya kuitikia na sisi wawili tunampitishia maneno kama karani. Nikasema, "Délice, ambia bibi aonje. Yasipite chumvi ya machozi."

Nikasikia anaonja. Kisha akasema, "Délice, ambia baba yako inafanana."

Tukaenda hivyo hivyo, kidogo kidogo, kila akitapika bibi anangoja, anaanza tena. Mimi mvuani nikiuangalia mto, nikirudia sentensi zako moja baada ya nyingine kila aliponiuliza. Sikuzitunga, Bernardine. Zilikuwa kichwani zenyewe tangu siku ile, pamoja na aibu yangu. Noella alipofika na pikipiki mtoto alikuwa amekojoa, na muuguzi wa kituo akasema maji yale ndiyo yaliyomwokoa. Walimtundikia dripu siku mbili.

Sasa uliniuliza ufanye nini kuhusu Madame wako. Mama mkwe hakuwa amesikia somo hadi mwisho kwa sababu mwongozo ulimtoa chumbani. Kama ningekuwa shambani mbali asubuhi ile, tungekuwa na kaburi. Sina la kuongeza.

Kaka yako,
Jean-Marie


Uvira, 24 Machi 2024

Kaka,

Mbusu Délice kila mahali. Nimelia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia hakuna, ndiyo maana nalia.

Nilikwenda kwa Madame Amandine asubuhi ya pili baada ya barua yako. Sikubisha hodi, ningebisha ningegeuka tena. Nikamwambia yote: namba tatu, benchi, kopo, kitenge, ua. Alinisikiliza huku anachezea miwani. Kisha akasema, "Unajua kwamba nilishaandika umepita?" Nikasema najua. Akasema, "Na unajua uko kwenye majaribio?" Nikasema hilo nalijua hata nikiwa nimelala. Akamwita Achille. Maskini kijana alikaribia kulia. Alimwona mama anatoka, akadhani anakwenda msalani, kisha akaona adabu kutouliza.

Madame hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alipiga simu kwa mchapishaji, akasimamisha. Kisha akaniambia nina mpaka Jumatano kuandika upya na kujaribu Makobola. Jumanne baada ya Pasaka ataamua kama nabaki.

Nimeandika upya. Ukurasa wa kwanza hauna kipindupindu kabisa. Unamwambia mwezeshaji: Usiwapange watu. Waache wakae wenyewe, hata wakichelewa, hata wakihama mara tatu. Kila mtu aje na kopo lake kutoka nyumbani. Kama kuna anayebaki nje, usimwite ndani na usimwulize sababu. Fungua dirisha, na useme kwa sauti ya kumfikia. Sentensi hiyo ya mwisho niliipata uani kwa mama mkwe wako, wewe unajua.

Lakini moyo wangu, kaka, hauko kwenye ukurasa wowote. Makobola siijui kama ninavyoijua Katogota. Je, kama kuna jambo lingine ambalo sikuliona? Kila mstari sasa nauona kama mlango ambao mtu anaweza kutokea. Madame hanisemeshi zaidi ya lazima. Kwenye ubao wa mikutano ya Aprili jina langu halipo.

Ndiyo maana nakuomba jambo. Ulisema koordinasyo wanataka jina kabla ya Pasaka. Waambie narudi. Waambie tu. Kama Jumanne nitabakizwa hapa, nitaandika mwenyewe kujiondoa, na Aimé atachukua nafasi. Kama nitafukuzwa, niwe na pa kurudi. Siwezi kuishi juma zima nikiwa sina mguu upande wowote. Najua si haki kwa Aimé. Naomba hivyo hivyo.

Mdogo wako anayekutegemea,
Bernardine


Katogota, Alhamisi Kuu, 28 Machi 2024

Bernardine mdogo wangu,

Tumeamka vizuri. Délice amenenepa mashavu, Noella anakusalimu. Natumaini jana Makobola walikaa kila mtu alipotaka.

Mtu wa koordinasyo alikuja leo asubuhi, na barua yako nilikuwa nayo mfukoni, nimeisoma mara nyingi. Aliniuliza, "Bernardine anarudi?" Nikamwambia harudi. Darasa la sita nimemwandikisha Aimé, na karatasi imekwenda.

Utanikasirikia, tena kwa haki. Uliniomba uongo mdogo na mimi nimekunyima, mimi niliyekunywa lile kopo. Lakini sikiliza. Ningesema unarudi, Jumanne ungeingia kwa Madame wako ukiwa tayari na mguu mmoja huku Katogota, na yeye angeuona. Tena, mwalimu wa darasa la sita nitampata, Aimé ameanza hata kuwanyamazisha. Wa kuandika maneno ambayo mtu anaweza kuyasema akiwa ameupa ua mgongo, mvua inamnyeshea na mtoto wake anaisha ndani, huyo simjui mwingine. Ulishayavulia nguo maji haya. Wakikufukuza Jumanne, njoo nyumbani, tutakula tulichonacho, na utaandika ukiwa hapa. Ila darasani kwangu hurudi.

Naogopa kama nimefanya vibaya. Naogopa tangu asubuhi. Nimekwambia ili usiogope peke yako.

Jambo la mwisho. Jana mama mkwe amemrudisha Noella na mtoto, na kasiksi mpya ya kwetu ameipokea. Mimi na yeye tumerudi kama zamani, akitokea njiani naingia kwenye mihogo. Lakini ametuma maneno kwako kupitia Délice, kwa hiyo siyapunguzi wala siyaongezi. Anasema: "Ambia shangazi yako ile kopo iko kwangu, sikuitupa. Yeye hapana mukwe wangu. Akuje tunywe naye."

Kaka yako,
Jean-Marie